Pari ya Sherlock Holmes

Wandugu, «Silver Blaze» ya Arthur Conan Doyle, hadithi fupi ya mwaka 1892, wengi tunaijua juu ya mbwa tu. Usiku farasi anatolewa zizini, mbwa habweki: basi aliyeingia ni mutu anayemujua. Ni akili safi, hata leo. Lakini minaona tunasifu mbwa, tunasahau pesa.

Angalieni. Straker, mwenye kufundisha farasi wa Colonel Ross, ana madeni juu ya bibi wa pembeni. Anataka kukata kidogo mushipa wa mguu wa farasi, alama isionekane, halafu ale pesa farasi akishindwa. Farasi anamupiga teke, anakufa. Sawa.

Sasa Holmes, yeye mupelelezi, anafanya nini? Anajua farasi amefichwa wapi, lakini Ross hamwambii. Silas Brown, aliyemuficha, anamuacha. Na siku ya mashindano, Holmes mwenyewe amecheza pari! Straker alikuwa na siri, akataka kuigeuza pesa. Holmes vilevile. Tofauti ni kwamba huyu tunamupenda.

Doyle alikubali baadaye kama mambo ya mashindano hakuyajua. Gazeti moja la michezo lilimuonyesha kama, kwa sheria za kweli, nusu ya wale watu wangefungwa. Mimi kosa la sheria halinisumbui. Kinachonisumbua: hadithi haimuulizi Holmes swali hata moja juu ya ile pari, naye ndiye anaulizaka wote.