Gari Jekundu, Mjomba na Upande wa Kulia

Safari hii naandika juu ya wimbo wa Kizungu wa mwaka 1981. Najua wengine watauliza: wimbo wa gari una kazi gani kwa sisi ambao hata baiskeli tunaazima? Ngoja nieleze kwanza, halafu mnipinge.

Kwenye kituo cha vijana ninapofanya kazi tuna spika moja. Alhamisi jioni tunasikiliza muziki, kila mtu na wake: bongo fleva, rumba, kwaya. Mfanyakazi mmoja wa kujitolea alipokuwa anaondoka alituachia flashi imejaa roki. Nyimbo nyingi tuliziruka. Moja tukaisikiliza mara tatu jioni ile ile. Inaitwa "Red Barchetta", ya bendi ya Rush kutoka Kanada, kwenye albamu yao ya "Moving Pictures".

Huo muziki wanauita roki ya progresivu. Ulikua Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, na bendi kama King Crimson, Yes na Genesis. Nyimbo zao ni ndefu, mapigo yanabadilika katikati, na mara nyingi zinasimulia hadithi badala ya kurudia kiitikio. "Red Barchetta" ina dakika sita na kidogo, na kiitikio haina. Inaanza taratibu, gitaa la Alex Lifeson linalia kama kengele ndogo za mbali. Halafu ngoma na besi zinaingia, mwendo unapanda, na mwishoni zile kengele zinarudi na kufifia. Mtu asiyejua Kiingereza hata kidogo anaelewa kwamba kuna kitu kimewashwa, kimekimbia, kimerudi na kuzimwa.

Hadithi yenyewe ni hii. Ni wakati ujao. Kuna sheria ya magari iliyopiga marufuku magari ya zamani. Kila Jumapili kijana anawakwepa wanaomwangalia, anadandia treni ya mizigo mpaka nje ya waya, karibu na mpaka anaruka chini, anakimbia mpaka shambani kwa mjomba wake mwenye mvi. Mjomba ameficha gari jekundu ghalani kwa zaidi ya miaka hamsini. Kijana analiwasha na kuliendesha milimani. Ghafla linatokea gari kubwa la kisasa, pana kama njia mbili za barabara, linamkimbiza, na la pili linajiunga. Anaponea kwenye daraja jembamba, kwa sababu yale makubwa hayapiti. Anarudi shambani, anakaa na mjomba karibu na moto. Basi, imeisha.

Nilipofika kwenye waya na wanaoangalia, vijana walikaa wima. Mmoja akaniambia, "Yaya, huyu anatoroka kambi!" Wakacheka wote, lakini kicheko kilikuwa cha namna yake. Hapa Tanzania mkimbizi hatoki kambini bila kibali, na kila kijana aliyekuwa kwenye lile benchi anajua kibali ni nini. Wa pili akasema, "Basi na sisi twende Jumapili." Hapo nilinyamaza. Mimi ndiye niliyewaletea wimbo, na mimi ndiye ninayekwenda kuwaeleza wazazi kijana wao akikamatwa njiani. Kwa hiyo nilianza kuusikiliza upya, na sasa nasema ninachokiona.

Kwanza, sheria ya kwenye wimbo haina sababu. Tunaambiwa ipo, hatuambiwi ililetwa kwa nini. Neil Peart, mpiga ngoma aliyeandika maneno ya wimbo, alivutiwa na hadithi fupi ya Richard S. Foster iliyotoka kwenye jarida la Marekani la Road & Track, Novemba 1973. Huko kwa Foster sababu ipo, nayo ni usalama. Serikali inataka magari yasiyoua watu. Yanatengenezwa mazito na imara mpaka wenye nayo hawaogopi tena kugonga, halafu wanaanza kuwawinda wenye magari madogo ya zamani kama mchezo. Wanaowinda si polisi. Ni raia wa kawaida ambao usalama wao umewapa kiburi.

Hilo kwangu ni wazo zito kuliko lililo kwenye wimbo. Hapa kambini tunalijua neno usalama. Tunafungiwa kwa ajili ya usalama, tunahesabiwa kwa ajili ya usalama, na mara nyingi ni kweli kabisa, tumelala salama kuliko tulivyolala kwetu. Foster anauliza kitu kinachoanzia kwenye nia njema. Wimbo umekitoa kile kitu, ukaacha jitu baya na mtoto mzuri. Unasikika vizuri zaidi, ila unafikiri kidogo zaidi. Wenzetu wa mashirika wanaosoma jarida hili, hapo siwalaumu. Nasema tu kwamba hadithi ya Foster wangeielewa haraka.

Pili, mbio zile zimekuwa rahisi mno. Daraja jembamba linatokea pale pale linapohitajika. Kijana harudi na kovu, hatumwoni Jumatatu. Anasema anafanya kosa lake la kila wiki, na anavyolisema unasikia utamu. Sisi tunaojua kufukuzwa tunajua kwamba anayefukuzwa hafurahii kona. Kijana huyu ana mahali pa kurudi pande zote mbili, mjini kwao na shambani kwa mjomba. Kukimbia kwake ni matembezi.

Kuna wimbo mwingine wa barabara wa miaka ile, "Autobahn" wa Kraftwerk, Wajerumani wa Düsseldorf, wa mwaka 1974. Unachukua upande mzima wa sahani, zaidi ya dakika ishirini. Mlango wa gari unafungwa, injini inawaka, na baada ya hapo hakuna kinachotokea isipokuwa barabara. Hakuna anayesimamishwa. Vijana wangu walisinzia. Lakini mimi nauheshimu, kwa sababu haujifanyi. Unasema wazi kwamba kwa watu fulani barabara ni kitu cha kawaida kama hewa. Rush walitaka barabara iwe kitu cha kuibiwa, na kwa hilo wako karibu nasi zaidi, hata kama walikosea bei yake.

Kuna jambo la kweli lazima niliseme, bila kulivuta likakatika. Anayeimba wimbo huu ni Geddy Lee. Wazazi wake walikuwa Wayahudi wa Poland, walipita Auschwitz wakanusurika. Baada ya vita walioana katika kambi ya waliopoteza makwao huko Bergen-Belsen, Ujerumani, ndipo wakahamia Kanada. Mwaka 1984 bendi ilitoa "Red Sector A", na huo umegusa moja kwa moja aliyoyapitia mama yake. "Red Barchetta" si hivyo, maneno ni ya Peart na yametoka kwenye hadithi ya magari. Lakini sauti inayotamka nje ya waya ni ya mtoto wa watu waliotoka ndani ya waya. Nilipowaambia vijana hilo, yule aliyesema twende Jumapili aliuliza kambi ile ilikaa miaka mingapi. Nikamjibu kwamba ilifungwa mwaka 1950. Akahesabu kwa vidole, halafu akahesabu ya kwetu, akaacha.

Sasa nije kwa mjomba, kwa sababu ndiye aliyenifanya niandike.

Kiingereza kina neno moja tu kwa mjomba, baba mkubwa na baba mdogo. Tulibishana muda mrefu tumtafsiri vipi. Angekuwa baba mdogo, vijana walisema, angemchapa mtoto kwa kuchezea gari. Huyu lazima awe kaka wa mama, maana kwa mjomba unaingia bila hodi na unakula bila kuombwa radhi. Tukakubaliana mjomba. Na tulipomwita hivyo, nikamwona wangu.

Mjomba wangu alikuwa dereva wa lori, barabara ya Uvira kwenda Bukavu, anapanda milima ya Ngomo na kona zake. Alivuka Ziwa Tanganyika usiku kwa mtumbwi, na permi yake ya kuendesha ndani ya mfuko wa plastiki. Tangu siku hiyo hajashika volan. Lakini jioni anakaa nje na mfuniko wa sufuria mikononi, anawafundisha watoto wa jirani: klachi, gia ya kwanza, achia taratibu, tazama kioo. Na anawafundisha kuendesha upande wa kulia, kama Kongo. Nimemwambia mara nyingi, mbele ya watoto, nikicheka: "Mjomba, hapa Tanzania ni kushoto, utawaua hawa." Ananijibu kitu kimoja tu, "Wa kushoto watafundishwa na wenye kushoto."

Nilidhani ni uzee. Wimbo ndio ulionisumbua. Yule mzee wa ghalani hakuendesha gari lile hata mara moja ndani ya hadithi. Kazi yake ni kulitunza liwe kama jipya, kwa ajili ya mtu ambaye alipoanza kulificha alikuwa hajazaliwa. Wimbo unampa mistari michache mwanzoni na kiti karibu na moto mwishoni, basi. Kelele zote ni za kijana. Hilo ndilo kosa langu kubwa nalowalaumu Rush: walikuwa na shujaa, wakamwacha ghalani.

Barchetta ni neno la Kiitaliano, maana yake mashua ndogo. Ni jina la magari madogo yasiyo na paa. Nilipojifunza hilo nilikwenda kwa mjomba na simu, nikamwekea wimbo wote, nikamtafsiria huku unaimbwa. Alisikiliza ameinamisha kichwa kama anayesikiliza injini ya mtu mwingine. Ulipoisha aliuliza maswali mawili. La kwanza, mafuta alikuwa anapata wapi yule mzee, maana gari linaweza kufichwa lakini petroli haikai miaka hamsini. Wimbo hauna jibu. Nadhani hata Peart hakufikiria.

La pili, yule kijana aliambiwa sababu ya gari kufichwa, au alipewa funguo tu?

Hilo nimelipeleka kwa vijana Alhamisi iliyofuata badala ya hotuba niliyokuwa nimeiandaa juu ya vibali. Tulikaa mpaka betri ya spika ikaisha. Yule wa twende Jumapili hajaenda. Sisemi ni kwa sababu ya wimbo. Jumapili iliyopita nilimkuta nje kwa mjomba, amekalia ndoo, mfuniko mikononi, anaambiwa apunguze gia kabla ya kona na abaki kulia. Mimi nikakaa nyuma yao, na safari hii sikusahihisha.