Ufundi wa Kutofunika Kombe

Mwaka 1972 bendi ya roki ya Rolling Stones ilifanya ziara ya Kanada na Marekani iliyoanzia Vancouver mapema mwezi Juni na kuishia New York tarehe 26 Julai, siku mwimbaji wao Mick Jagger alipotimiza miaka 29. Ziara hiyo ilizaa filamu mbili. Moja, Ladies and Gentlemen: The Rolling Stones, ilitoka 1974, na ndani yake ni jukwaa tu: taa, jasho na magitaa. Nyingine ilipigwa na mpiga picha Robert Frank kwa mwaliko wa bendi yenyewe. Bendi ilipoitazama iliingiwa na hofu, ikaenda kwa wanasheria kuizuia. Hii ya pili ndiyo ninayotaka kuisifu, na zaidi ya filamu, namsifu fundi aliyeitengeneza.

Inaitwa Cocksucker Blues, tusi zito la Kiingereza. Jina limetoka kwenye wimbo ambao Jagger aliutunga 1970 kwa makusudi: kampuni ya santuri ya Decca ilikuwa bado inaidai bendi wimbo mmoja kwa mkataba, naye akawapa ambao wasingethubutu kuutoa. Miaka miwili baadaye fundi wa picha akaja na kazi ambayo bendi nayo haikuthubutu kuitoa.

Frank hakutoka kwenye ulimwengu wa muziki. Alizaliwa Zürich, Uswisi, mwaka 1924, akahamia New York 1947. Kati ya 1955 na 1956, kwa ufadhili wa mfuko wa Guggenheim, alizunguka Marekani kwa gari akiwa na kamera ndogo ya Leica, akapiga picha zipatazo 28,000. Kitabu kilichotokana na safari hiyo, The Americans, kina picha 83. Mtu anayeweza kupiga nyingi kiasi hicho, akakaa nazo, akabaki na 83 tu, ana uvumilivu ambao wengi wetu hatuna. Kitabu kilitangulia kuchapwa Paris 1958, Marekani kikafuata 1959, na huko wakosoaji wengi walikishambulia. Walisema picha zimepinda, zina chenga, zina giza. Wengine waliona ameitukana nchi iliyompokea. Lakini alichokuwa amekipiga ni watu waliochoka, mashine za kuchezea santuri kwenye migahawa, barabara ndefu zisizo na mtu, na bendera zinazoning'inia juu ya watu wasioziangalia.

Rolling Stones walimjua vizuri. Jalada la albamu yao Exile on Main St., iliyotoka mwaka huohuo wa 1972, limejengwa kwa picha zake. Kwa hiyo hakuna aliyedanganywa. Walimwita kwa sababu ya jicho lake, kisha jicho likawatazama na wao.

Namna alivyofanya kazi ndiyo inayonishangaza. Yeye na msaidizi wake, Danny Seymour, walibeba kamera ndogo wakaingia nazo kila mahali: vyumba vya hoteli, ndani ya ndege, nyuma ya jukwaa, vyumba vya kubadilishia nguo. Kamera nyingine ziliachwa tu, anayetaka azichukue apige. Matokeo yake picha inayumba, mara inaangalia dari, mara mguu wa mtu, na sauti zinaingiliana hadi hujui nani anaongea. Ukizoea filamu zilizopigwa pasi, utadhani ni uzembe. Endelea kutazama kidogo tu, utagundua kwamba umesahau kuna mpiga picha, na mara nyingi hata waliomo ndani wamesahau.

Kisha kuna rangi. Nyimbo za jukwaani zimepigwa kwa rangi. Sehemu kubwa ya maisha ya nje ya jukwaa ni nyeusi na nyeupe, yenye chenga. Kila wimbo unapokwisha, rangi inakufa, na unarudishwa chumbani kwenye mapazia yaliyofungwa na watu wanaosubiri saa zipite. Mhariri mwingine angezifupisha saa hizo ili tukimbilie tamasha lijalo. Frank anazirefusha. Kuna kipande ambapo mpiga gitaa Keith Richards yuko kwenye simu ya hoteli, anaagiza matunda, na mazungumzo hayo madogo yanavutwa hadi unaanza kuhisi uzito wa mchana wenyewe. Ni mtu mashuhuri duniani, ameshika simu, na anachotaka ni matunda. Sijawahi kuona filamu ya muziki inayoeleza upweke wa ziara kwa ukweli kuliko hapo, na hakuna aliyelia wala kuhojiwa.

Hata kile kisa maarufu cha Richards na mpiga saksafoni Bobby Keys kutupa televisheni kutoka hotelini hakikupambwa. Hapo wanajua kamera inawatazama, wanacheka kama watoto waliokosa shughuli. Magazeti yaligeuza visa vya namna hiyo kuwa ushujaa wa roki. Kwa Frank ni mchana mmoja tu mrefu.

Filamu inaonyesha dawa za kulevya waziwazi, sindano na yote. Pia iko sehemu ndani ya ndege ambapo wanawake wanavuliwa nguo huku wanamuziki wakipiga ngoma na matari, na si kila mwanamke pale anaonekana kupenda. Hapa sifa zangu zinakwama. Kamera haikusaidia mtu, iliendelea kuzunguka. Hata hivyo, filamu iliyoidhinishwa na wenye bendi isingetuachia hata sekunde moja ya kipande hicho, na sisi tungeendelea kusimuliana kwamba ndege ile ilikuwa ya raha tupu. Filamu zenye idhini ndivyo zilivyo nyingi: mwenye jina kubwa ndiye mwenye mkasi, na kazi yote inakuwa kufunika kombe mwanaharamu apite.

Bendi ilikuwa na sababu ya kuogopa. Miaka mitatu kabla, kwenye tamasha lao la Altamont, kijana Meredith Hunter aliuawa kwa kisu karibu na jukwaa, na kamera za filamu ya Gimme Shelter zilinasa tukio hilo. Inasimuliwa kwamba Jagger alimwambia Frank kazi yake ni nzuri, ila ikionyeshwa Marekani, hawataruhusiwa kuingia tena nchini humo. Filamu yenyewe inaanza kwa tangazo kwamba, ukiacha nyimbo, yote yaliyomo ni ya kubuni. Sidhani kuna mtazamaji aliyewahi kuliamini.

Mzozo ulimalizika kwa sharti la ajabu: filamu ingeonyeshwa mara chache tu kwa mwaka, tena Frank mwenyewe awepo ukumbini. Nakala za wizi zilisambaa kwenye kanda za video, zikinakiliwa kanda kwa kanda mpaka nyuso zikawa vivuli, na wengi waliijua kazi hii kwa njia hiyo. Lakini kisheria fundi alifungwa na kazi yake. Sharti lililowekwa ili kuificha filamu lilimpa wajibu ambao watengenezaji wengi huukwepa: kukaa mahali pamoja na waliotoka kuitazama, ana kwa ana. Frank alifariki Septemba 2019, akiwa na miaka 94.