Mkono wa Mkutubi

Maktaba ya McMillan, Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Leo watoto huwapita wale simba wawili wa mawe mlangoni kama wampitavyo paka wa jirani.

Ninayetaka kumpongeza, lakini, ni mkutubi wa watoto, wa hapo na wa matawi ya Kaloleni na Makadara. Kazi yake haina kelele. Mtoto anafika amenuna: hapendi kusoma. Mkutubi hodari habishani naye. Anamuuliza hucheza nini, huchekeshwa na nini, huogopa nini. Kisha anavuta kitabu kimoja, si kumi. Mtundu wa shule atapewa visa vya Moses vya Barbara Kimenye. Anayeota kwenda ng'ambo, *Ndoto ya Amerika* ya Ken Walibora. Akikirudisha hajakimaliza, hasutwi. Anapewa kingine. (Sisi wazazi hapo ndipo tunaposhindwa: tunataka kila kitabu kiwe cha mtihani.)

Halafu kuna kipindi cha hadithi. "Paukwa!" "Pakawa!" Na chumba kizima kinatulia. Baadhi ya hao waliokaa chini, nyumbani kwao hawana hata pembe tulivu ya kusomea, seuze rafu ya vitabu.

Wakutubi, hongereni. Nawe mzazi, Jumamosi mpeleke mtoto, kisha kaa kando. Kitabu mwache achague yeye.