Maagizo ya Monet kwa Mtunza Bustani Wake

Karibu na mwaka 1900, Claude Monet alimwachia mtunza bustani wake karatasi ya maagizo. Mwenyewe angekuwa safarini, na bustani ya Giverny, kijiji cha Normandy kilicho kilomita 75 hivi kutoka Paris, isingeweza kumsubiri: majira ya baridi yalikuwa yanaisha na majira ya kuchipua yanabisha hodi. Anayetarajia mchoraji azungumzie uzuri hataupata humo. Karatasi imejaa vyungu, tarehe na nyaya. Vioteshwe vyungu kama 300 vya popi, na 60 vya njegere za maua. Dalia zilazwe kati ya tarehe 15 na 25 zipate kutoa mizizi, na zitakazokuwa zimechipua zipandwe kabla hajarudi. Matunguu ya yungiyungi yasisahaulike. Peoni za Japani zikifika zipandwe mara moja, hali ya hewa ikiruhusu. Mawaridi yapogolewe. Mwezi Machi zipandwe mbegu za nyasi, na nastashamu ndogo zihamishiwe mahali pake.

Naiona karatasi hii kuwa ufunguo wa bustani nzima. Watu wakiisifu Giverny husifu rangi, na rangi zinastahili sifa, lakini kipaji kikubwa cha Monet pale kilikuwa kupanga wakati. Alijua kazi ya Februari italeta ua la mwezi gani, tena litasimama kando ya ua lipi. Alianza kupanga nyumba hiyo mwaka 1883 na akainunua mwaka 1890, na uwanja ulio mbele yake, wa takriban hekta moja, aliugeuza kutoka shamba la miti ya matunda kuwa mistari ya matuta ya maua. Mwanzoni alilima yeye na familia yake. Baadaye, picha zilipoanza kuuzwa vizuri, aliajiri watunza bustani sita. Watu sita hawawezi kufanya kazi pamoja kwa kubahatisha, hasa mwenye bustani akiwa hayupo.

Tuanze na popi. Kwa nini zioteshwe kwenye vyungu, wakati mbegu zake humwagwa tu ardhini na kuota zenyewe? Popi hushusha mzizi mkuu mmoja mrefu, nao ukikatika wakati wa kuhamisha mche, mche hunyauka au hudumaa. Ukiuotesha kwenye chungu chake, unauhamisha na udongo wake wote bila mzizi kujua kwamba umesafiri. Faida ya pili ni ya mchoraji hasa: mbegu iliyomwagwa huota inapotaka, ilhali mche wa chungu huwekwa pale unapotaka wewe. Monet alitaka rangi ikae mahali maalumu, kwa wingi maalumu, na ndiyo maana akaandika idadi.

Agizo la peoni ni fupi, lakini limebeba ujuzi mwingi. Alisisitiza kwamba mwanzoni machipukizi yakingwe baridi, na yakingwe vilevile joto la jua. Hilo la pili ndilo wengi hulisahau. Usiku wa sakitu maji yaliyomo kwenye chipukizi huganda; jua la asubuhi likilipiga ghafla, barafu huyeyuka haraka kuliko seli zinavyoweza kustahimili, na kufikia mchana chipukizi limekuwa jeusi. Isitoshe, mmea uliotoka safari ndefu hauna mizizi midogo ya kunyonya maji, kwa hiyo jua huukausha huku udongo ukiwa umelowa. Kivuli chepesi kwa majuma machache humaliza matatizo yote mawili.

Kuhusu mawaridi alitaka matawi yasibaki marefu mno, isipokuwa yale ya aina zenye miiba mingi. Tofauti hiyo ina sababu. Mawaridi mengi ya bustani huchanua kwenye matawi mapya, hivyo ukiyakata kwa nguvu mwishoni mwa baridi, mmea ukiwa bado umelala, utasukuma machipukizi yenye afya na maua makubwa. Lakini mawaridi mengi ya kale yenye miiba iliyosongamana huchanua kwenye matawi ya mwaka uliopita. Ukiyafyeka Februari umeondoa maua ya Juni kwa mkono wako mwenyewe. Mkato uwe juu kidogo ya jicho linalotazama nje, ili tawi jipya likue kuelekea nje na katikati ya kichaka papite hewa. Nyaya za mawaridi yanayotambaa nazo hufungwa mapema, kabla ya majani, wakati mtu bado anaona tawi lipi linaelekea wapi.

Sasa tutazame kisichokuwemo. Maua yanayofanya watu wamiminike Giverny mwezi Aprili na Mei ni tulipu, zilizosimama juu ya zulia la miosotisi ya buluu mbele ya nyumba yenye kuta za waridi na madirisha ya kijani. Karatasi ya Monet haizitaji, kwa sababu saa yake ilikuwa imekwisha kupita. Miosotisi husiwa Juni au Julai, miche ikahamishiwa kwenye matuta majani ya miti yanapopukutika, na matunguu ya tulipu yakazikwa kwenye udongo uleule mwezi Oktoba au Novemba, kwenye kina cha takriban mara tatu ya urefu wa tunguu. Wakati huo ua la tulipu limekwisha kuumbika ndani, dogo na kamili. Linachohitaji ni majuma 12 hadi 16 ya baridi ya chini ya nyuzi 9 hivi. Bila baridi hiyo shina halirefuki, na ua hufunguka likiwa limekwama karibu na ardhi, au hukauka kabla ya kutokeza.

Tulipu peke yake huonyesha shina tupu na udongo, na ikimaliza kuchanua huacha majani yanayogeuka manjano. Miosotisi, ambayo haizidi sana sentimita 30, hufunika yote mawili, na tulipu hupenya juu yake. Kazi ya majira ya kuchipua kwenye tuta kama hilo ni ndogo: kukata vichwa vilivyopukutisha petali kabla ya kufunga mbegu, na kuyaacha majani kama majuma sita ili yalishe tunguu jipya. Kwenye tuta linalosubiri maua ya kiangazi muda huo haupo, ndiyo maana bustani nyingi za maonyesho hung'oa tulipu na kuanza na matunguu mapya kila mwaka.

Mkulima wa maua wa Lushoto, Njombe au Limuru anaweza kufuata nusu ya karatasi hii bila kubadilisha kitu. Dalia asili yake ni nyanda za juu za Mexico, nastashamu imetoka milima ya Andes, na zote mbili hufurahia ubaridi wa milima yetu. Nastashamu isipewe samadi. Udongo mnono huizalisha majani na kuinyima maua. Kwa zulia chini ya mimea mirefu inafaa sana, na Monet mwenyewe aliiacha itambae hadi katikati ya njia kuu ya bustani yake. Tulipu kwetu ni ua la msimu mmoja: matunguu hukaa kwenye friji kwa majuma yale yale 12 hadi 16, mbali na ndizi na matunda mengine yanayoiva, maana gesi yanayotoa huua ua ndani ya tunguu.

Mawaridi yanataka kufikiriwa upya. Huku hayalali, kwa hiyo mapumziko huyapata kwa mkasi. Kutoka mkato hadi ua ni majuma 6 hadi 8, kwa kutegemea aina na ubaridi wa mahali. Anayetaka maua ya harusi ya katikati ya Aprili ahesabu kurudi nyuma, apogoe kati ya katikati na mwisho wa Februari, aweke mboji, na mvua za masika zikianza ziyakute machipukizi yakiwa njiani.