Spider-Man wa 2002: Nani Alimnyang'anya Peter Maabara Yake?

Juzi tulikaa wanne kwenye chumba cha hosteli tukiangalia tena Spider-Man ya Sam Raimi, ile ya 2002 yenye Tobey Maguire. Peter aliporusha utando wake wa kwanza nikaropoka, "Huyu siyo Peter!" Nikatupiwa mto. Basi naandikia hapa, mito haifiki.

Stan Lee na Steve Ditko walipomleta Spider-Man kwenye toleo la Agosti 1962, kung'atwa na buibui kulimpa Peter nguvu, wepesi, kunata ukutani na hisi ya hatari. Utando hakupewa. Alikaa chini akabuni mwenyewe kimiminika chake, akaunda na vifaa vya kuvaa mkononi vya kukirushia. Mtoto wa sekondari, tena yatima, nyumbani pesa ya kuungaunga.

Raimi akaondoa hayo yote. Utando unatoka tu kwenye ngozi ya mikono. Watetezi wake wanasema ni vigumu kuamini kwamba kijana anaweza kutengeneza chumbani kitu ambacho makampuni makubwa yameshindwa. Sawa, lakini je, mwili ndiyo unaaminika zaidi? Buibui halisi ana tezi tumboni zinazohifadhi protini ikiwa majimaji, na inageuka uzi mgumu inapovutwa kutoka kwenye vitundu vya nyuma. Inavutwa, kwa mguu au kwa uzito wa buibui mwenyewe. Hairushwi kama maji ya bomba. Halafu protini hiyo itoke wapi? Kuvuka mtaa mmoja tu wa New York, Peter angehitaji kumaliza sufuria ya maharage ya shule nzima! Kusukuma kimiminika kwenye tundu dogo kikagande kuwa uzi, kwa upande mwingine, ndivyo viwanda vinavyotengeneza nailoni. Katuni ya 1962 ilikuwa karibu zaidi na kemia kuliko filamu ya 2002.

Ila sayansi siyo kinachoniuma sana. Kwenye katuni, kimiminika humwishia Peter katikati ya pambano kwa sababu hakukagua akiba. Kosa ni lake, na mtu yeyote aliyeishiwa kemikali katikati ya jaribio anamwelewa. Kwenye Spider-Man 2 (2004) utando unakata kwa sababu ana msongo wa mawazo. Tatizo la maabara limegeuka tatizo la moyo.

Na bado, jamani, hiyo ya 2004 ndiyo filamu ninayoipenda kuliko zote. Peter anasambaza piza, anadaiwa kodi, anakosa vipindi chuoni Columbia, na kila akiokoa mtu anapoteza kitu chake. Dhamiri ya Peter iko pale nzima. Kichwa chake ndicho kilichoachwa nje.

Waliofuata walijaribu kurekebisha, nusu nusu. Filamu ya 2012 ilirudisha vifaa vya mkononi lakini utando wenyewe ni bidhaa ya kampuni ya Oscorp. Homecoming (2017) ina kipande ambacho nimekirudia mara nyingi mno: Peter anachanganya kimiminika chake kwa kificho ndani ya kipindi cha kemia. Safi kabisa! Halafu wanamvalisha suti ya tajiri Tony Stark, inayomfikiria kila kitu. Afadhali Stark aliichukua tena, maana Peter anayejitoa chini ya kifusi na nguo zake za kujishonea ndiye ninayemjua.

Kisha ikaja No Way Home ya 2021. Peter watatu wanakutana, na wawili wanamshangaa Maguire: utando unatokaje mwilini? Nilicheka peke yangu. Lakini baadaye wote watatu wanaingia maabara ya shule kutengeneza tiba za maadui zao, na ya Norman Osborn anaishika Maguire, akisema ameifikiria kwa muda mrefu. Miaka 19 tangu filamu yake ya kwanza, hatimaye nikamwona akifanya kazi ya mkemia.