Kwanza Lisimame

Gari lililotelekezwa bandani kwa miaka ishirini lina dalili zake. Tairi zimekaa chini na kupasuka ubavuni. Panya wametafuna sponji ya kiti cha nyuma na kujenga kiota juu ya injini. Ukifungua mlango, harufu ya zulia lililolowa na petroli iliyochacha inakupokea kabla hujauona usukani. Mpita njia anaona chuma chakavu cha kupimwa kwa kilo. Fundi anachutama, anapeleka kidole gumba nyuma ya gurudumu la mbele, pale bodi inaposhikana na sakafu, na kubonyeza. Bati likikataa, gari lina maisha. Kidole kikizama, bado lina maisha, ila kazi imekuwa ndefu.

Nawazungumzia mafundi wa Uingereza wanaofufua magari ya kwao ya zamani: Morris, Austin, MG, Triumph, Rover na wenzao. Nchi ile ina unyevu karibu mwaka mzima, na majira ya baridi barabara humwagiwa chumvi ili barafu isizishike. Chumvi hiyo hurukia chini ya gari ikatafuna chuma kidogo kidogo. Gari la miaka ya 1950 ambalo bado linatembea kule linatembea kwa sababu kuna mtu alilipigania. Ninapowasifu mafundi hawa siwafikirii wale wanaong'arisha gari likapita lilivyotoka kiwandani, likabebwa juu ya lori hadi kwenye maonyesho na kurudishwa bila tone la mvua kuligusa. Hao wana kipaji chao. Moyo wangu uko kwa wale ambao kazi yao huhesabika imekamilika siku gari linapokwenda kununua maziwa na kurudi.

Nichukue Morris Minor, maana hakuna gari linaloonyesha ufundi huu vizuri zaidi. Lilizinduliwa mwaka 1948 kwenye maonyesho ya Earls Court, London, likiwa kazi ya mhandisi Alec Issigonis, mzaliwa wa Smyrna, mji ambao leo ni Izmir ya Uturuki. Gari la mfano lilikuwa limekwisha kuundwa Issigonis alipoona kwamba ni jembamba mno. Akaagiza lipasuliwe katikati kwa urefu na nusu mbili ziachanishwe, zikasogezwa mpaka umbo likampendeza. Liliongezeka inchi 4. Ukisimama leo mbele ya Morris Minor utaliona kovu la msumeno ule: ukanda bapa uliopita katikati ya boneti. Bampa za mwanzo, ambazo zilikwisha kutengenezwa kwa kipimo cha awali, nazo zilikatwa zikaungwa kwa kipande cha katikati. Napenda kuliwaza jambo hilo kila ninapomwona fundi akikata bati bovu la Minor na kuchomelea zima. Gari lenyewe lilizaliwa kwa kukatwa na kuungwa.

Yalitengenezwa zaidi ya milioni 1.6 kabla uzalishaji haujakoma mwanzoni mwa miaka ya 1970, na lilikuwa gari la kwanza la Kiingereza kufikisha milioni moja. Ndiyo maana bado yanaibuka kwenye mabanda ya mashambani na gereji za marehemu.

Mwanafunzi wa kazi hii hukimbilia injini. Kuna utamu usioelezeka kuisikia ikiguruma baada ya kimya cha miaka, na utamu huo umewaponza wengi: gari linawaka, furaha inapanda, wanatoka nalo langoni, halafu ndipo wanakumbuka breki. Fundi mzoefu huiacha injini ingoje. Anaanza na breki, kwa sababu gari linalosimama bila kuwaka halina hatari kwa mtu.

Morris Minor lina breki za dramu kwa magurudumu yote. Kila gurudumu la mbele lina silinda ndogo mbili, la nyuma moja. Jumla sita, zote zikisukumwa na masta silinda moja. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya maji kutoka hewani. Gari likilala kwa miaka, maji hayo hutafuna silinda kwa ndani na pistoni zikaganda. Kwa nje huoni kitu. Inabidi uvue dramu, utoe breki shu, uisukume pistoni hadi itoke, kisha umulike ndani kwa tochi na kutazama kuta. Ukikuta vishimo vya kutu, hata viwe vidogo vipi, silinda hiyo imekwisha, kwa sababu mpira mpya utachanwa na vishimo hivyo na mafuta yatavuja siku utakayoyahitaji zaidi. Wapo wanaopitisha msasa na kurudishia. Silinda mpya si ghali, na siwezi kumsifu mtu anayebana matumizi mahali hapo.

Masta silinda ndiyo mtihani wenyewe. Imefichwa ndani ya chesisi, chini ya miguu ya dereva. Ili kuongeza mafuta unainua zulia na kufungua kifuniko kwenye sakafu. Bolti zinazoishika zinatoka kuelekea ilipolala springi ya mbele, ambayo kwenye gari hili ni fito ndefu ya chuma inayojinyonga, nayo fito inazizuia zisichomoke. Basi kwa ajili ya kifaa kinachoenea kiganjani, fundi analazimika kuupunguza mzigo wa springi ya upande mzima na kuisogeza. Hiyo ni kazi ya kulala chali, kutu ikikudondokea machoni. Na wapo mafundi ambao wakati wa kurudishia huzigeuza bolti zile ziingie kutoka upande wa pili, ili siku nyingine zitoke bila springi kuguswa. Hawatapata faida yoyote. Anayekuja kufaidi ni fundi mwingine, labda miaka thelathini baadaye, ambaye hatajua amshukuru nani.

Hapo ndipo ninapouona ukubwa wa ufundi huu. Fundi wa gari lililotelekezwa hufanya kazi katikati ya watu asiowaona. Nyuma yake kuna aliyefunga bolti kiwandani Cowley, kuna aliyeweka waya wa rangi isiyo sahihi mwaka fulani wa shida, kuna mwenye gari aliyeziba tundu kwa gazeti na pati. Mbele yake kuna mwingine atakayefungua alichofunga yeye. Kila anachokigusa kinamtaka aamue: hiki kimechoka, au kimezeeka tu? Kiti chenye nyufa kimezeeka. Rangi iliyofifia boneti nzima imezeeka. Mkono wa usukani unaocheza umechoka, na hauna msamaha. Mimi naona kipimo cha fundi bora ni uwezo wake wa kuacha. Anayebadilisha kila kitu ameunda gari jipya lenye namba ya usajili ya zamani.

Kuna kiungo kimoja ambacho hakivumilii kuachwa. Kwenye magurudumu ya mbele ya Minor, mzigo na mgeuko vyote hubebwa na nguzo yenye nyuzi za skrubu inayozunguka ndani ya kitako chake. Maisha yake ni grisi. Ikikosa grisi nyuzi hulika, na siku moja, mara nyingi mwendo ukiwa mdogo na usukani umekunjwa, kitako hung'oka na gurudumu hulala chini ya madigadi. Kwa hiyo kabla ya rangi na kabla ya redio, fundi hulipandisha gari kwenye jeki, hushika gurudumu juu na chini na kulitikisa, kisha hupiga grisi mpaka ile nyeusi ya zamani itoke yote na mpya ichungulie.

Sasa injini. Ni ya ukoo wa A-Series, ulioanza kwenye Austin A30 mwaka 1951, ukaingia Minor mwaka uliofuata, na ukaendelea kutengenezwa hadi mwaka 2000. Ikiwa imekwama, aghalabu haijafa. Gari lilipozimwa mara ya mwisho valvu moja ilibaki wazi, unyevu ukaingia, ringi za pistoni zikashikana na ukuta. Unatoa plagi nne, unamimina mafuta mepesi kila tundu, unaondoka. Kesho yake unaongeza. Baada ya siku kadhaa unaingiza hendeli kwa mbele na kujaribu, mbele kidogo, nyuma kidogo, bila hasira. Mwenye haraka huvunja ringi na kujitafutia gharama ya miezi. Mwenye subira, siku moja mkono wake unahisi kitu kimelegea, na injini inazunguka.

Kisha vinakuja vipimo vya sikio, ambavyo navipenda kuliko vyote. Ukigeuza swichi, pampu ya petroli ya SU inaanza kugonga, tak tak tak, haraka kwanza, halafu polepole kadiri bakuli la kabureta linavyojaa, halafu inanyamaza. Ikinyamaza, boya limefunga vizuri. Ikiendelea kugonga bila kukoma, petroli inavuja mahali au pampu inavuta hewa. Isipogonga kabisa, huenda pointi zake zimeshika kutu, na mara nyingi kuigusa kwa mpini wa bisibisi kunatosha kuiamsha. Kabureta nayo ina jaribio lake: unainyanyua pistoni kwa kidole na kuiachia. Inatakiwa ishuke laini na kugonga chini kwa mlio mkavu. Mlio usiposikika, sindano inakwaruza jeti na lazima jeti irudishwe katikati. Hakuna kompyuta katika yote haya. Walioyaunda magari haya walitarajia yafunguliwe na mwenyewe. Kijitabu kilichokuja na gari kilimfundisha mnunuzi, awe mwalimu au muuguzi, namna ya kurekebisha nafasi ya valvu na kusafisha pointi.

Bodi ni habari nyingine, na ndiyo inayokula fedha. Kanuni ni moja: kata mpaka ukutane na chuma kizima, kisha chomelea. Anayepaka pati juu ya kutu anamwachia mwenzake mtego. Morris Minor Traveller inamtaka hata seremala, maana nusu yake ya nyuma imeshikiliwa na fremu ya mbao za mti wa ash, na mbao hizo zinabeba bodi kweli. Zikioza, gari halifai kuwa barabarani. Kuna mafundi waliojifunza kulehemu na kuranda kwa ajili ya gari hilo moja.

Wasingefika mbali bila wale walioamua kwamba vipuri visife. Charles Ware alianzisha mjini Bath, mwaka 1976, karakana ya Morris Minor pekee, akitetea wazo kwamba gari lililoundwa vizuri litunzwe na kutumiwa kila siku badala ya kutupwa. Baadaye bati za gari hilo zikawa zinatengenezwa Sri Lanka. Kampuni ya British Motor Heritage nayo ilianza mwaka 1988 kutoa bodi kamili mpya za MGB kwa kutumia vifaa vya kiwandani vya awali, miaka minane baada ya utengenezaji wa gari lenyewe kusimamishwa.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuko mbali na habari hii. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya Uingereza iligawa chuma kwa viwanda ikiangalia nani anauza nje, na makoloni yalikuwa soko. Land Rover, iliyoonyeshwa Amsterdam Aprili 1948, ilivishwa bodi ya aloi ya alumini kwa sababu chuma kilikuwa adimu. Ndiyo maana Land Rover ya zamani inaweza kuwa na milango mizima huku chesisi imeoza. Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la magari hayo, na mengi ya yaliyokusanyika yalikuwa bado yanafanya kazi. Mafundi wetu wa gereji za chini ya miti wameyaweka hai bila kuyaita urithi. Nawaona kuwa ndugu wa yule wa Bath, tofauti ikiwa hali ya hewa na bei ya vipuri.

Kule Uingereza, tangu Mei 2018 gari lililotimiza miaka 40, kama halijabadilishwa sana, limesamehewa ukaguzi wa kila mwaka. Sikubaliani na msamaha huo. Gari lililolala ndilo linalohitaji jicho la pili zaidi, na mafundi ninaowaheshimu hulipeleka likaguliwe kwa hiari. Wanajua pia kwamba petroli ya leo si ile ya enzi zile: yenye risasi iliondolewa mwanzoni mwa mwaka 2000, na tangu 2021 ya kawaida ina ethanoli hadi asilimia 10, ambayo hulainisha mipira ya zamani. Kwa hiyo paipu zote za petroli hubadilishwa, hata zikionekana nzima.

Halafu gari linatoka. Safari ya kwanza ni fupi, maili chache, bila abiria. Fundi akirudi hazimi na kwenda kunawa. Anazunguka magurudumu manne akiweka kiganja karibu na kila dramu. Matatu yana uvuguvugu. La nne, nyuma kushoto, limechemka. Breki inashika. Anavuta jeki, anavua gurudumu, na kulegeza shu kidogo kwa bisibisi, kisha analizungusha tena kwa mkono akisikiliza.