Kusini na Kaskazini: Pepo za Pwani katika Dira ya Bara

Kamusi nyingi za Kiswahili na Kifaransa hulitafsiri neno kusini kwa «sud» na neno kaskazini kwa «nord», kisha hupita. Tafsiri hiyo si kosa, lakini ni pungufu, kwani inaficha jambo ambalo umbo la maneno yenyewe linalidhihirisha.

Majina manne ya pande za dunia hayana asili moja. Mashariki na magharibi yametoka katika Kiarabu: la kwanza lamaanisha mahali jua linapochomoza, la pili mahali linapotua. Kaskazini na kusini yamejengwa juu ya majina ya pepo mbili za Bahari ya Hindi. Kaskazi, ivumayo takriban kuanzia Desemba hadi Machi, ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi, ivumayo takriban kuanzia Mei hadi Septemba, iliyarudisha kwao. Sarufi yathibitisha tofauti hiyo. Kaskazi na kusi hupokea kiambishi -ni, kwa sababu upepo si mahali. Mashariki na magharibi hayakihitaji, kwa kuwa yalikuwa majina ya mahali tangu katika lugha yalikotoka. Asemaye kusini asema, kwa asili, «kwenye kusi».

Hapo ndipo penye suala. Jua huonekana kila mahali, ilhali pepo hizo ni za pwani. Misafara ya karne ya 19 ilipokivusha Kiswahili Ziwa Tanganyika hadi Nyangwe na Kasongo, neno mashariki liliendelea kueleweka kwa kutazama jua. Neno kaskazini liliuacha upepo wake nyuma.

Neno kibla laonyesha hatari ya kusahau safari hiyo. Unguja na Makka ziko karibu katika longitudo moja, takriban digrii 39 hadi 40 mashariki. Kwa hiyo Mwislamu wa Unguja asalipo huelekea kaskazini hasa, na ndiyo maana kibla ilitumika pwani kwa maana ya kaskazini pia. Lakini Kasongo iko karibu na digrii 27: huko kibla huinama wazi kuelekea mashariki. Kamusi iandikayo «kibla: kaskazini» bila kutaja mahali yamfundisha msomaji wa Maniema jambo ambalo msikiti wake walikanusha.

Je, yafuata kwamba kaskazini na kusini ni maneno matupu nchini Kongo? La. Mwaka 1988 Kivu ya zamani iligawanywa kuwa Maniema, Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Tangu hapo maneno hayo ni sehemu ya majina ya makazi ya watu, nao huyatamka bila kuikumbuka bahari. Tena, wakati wa kiangazi Ziwa Tanganyika hupigwa na upepo mkali utokao kusini-mashariki. Mvuvi wa Kalemie au wa Uvira aujuaye upepo huo ana njia ya kulielewa neno kusini ambayo kamusi haikumpa.

Basi kinacholaumiwa hapa si maneno, wala si watumiaji wake wa bara, bali ni desturi ya kuyafasiri kana kwamba hayana historia wala mahali. Mwanafunzi wa Lubumbashi apewaye «sud» peke yake ajifunza Kiswahili kama ganda la Kifaransa: ajua neno la kubadilisha, hajui linavyojengwa. Kamusi iliyokusudiwa kwa ajili yake yapasa iseme mambo matatu: upepo uliozaa neno, pwani ulikovuma upepo huo, na maana iliyobaki neno lilipofika bara. Mistari mitatu yatosha. Kwa mistari hiyo, mwanafunzi ataona kwamba -ni ya kusini ndiyo ileile ya nyumbani na shambani, na kwamba Kiswahili chaweza kujieleza chenyewe kabla ya kuomba msaada wa lugha nyingine.